Wimbo Umetoka, Hela Iko Wapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Biashara ya Muziki

Barua za safari hii zimetoka Mbagala, Sinza, Kigamboni na kwingineko jijini. Tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Video ina watazamaji, mfukoni hamna kitu

*Ndugu wahariri, poleni na kazi. Video yangu YouTube imetazamwa mara 40,000 kwa miezi mitano. Mtaani wanajua nimeshatoboa, kumbe hata nauli ya kwenda studio nakopa. Hela yangu inakwenda wapi? — Msanii, Mbagala Rangi Tatu*

Kwanza, video iko kwenye chaneli ya nani? Wasanii wengi wachanga hupandishiwa video na dairekta, au na blogu ya burudani, kwenye chaneli za hao hao. Ikiwa ndivyo, mapato ya matangazo yanaingia kwa mwenye chaneli, na bila makubaliano ya maandishi utabaki kubembeleza.

Kama chaneli ni yako, huenda hujafika kwenye kiwango. Ili ulipwe matangazo, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Piga hesabu. Mtazamaji akikaa dakika 2, mara 40,000 ni dakika 80,000, yaani saa 1,333 hivi. Saa 4,000 ni dakika 240,000, kwa hiyo kwa mwendo huo unahitaji kutazamwa mara 120,000 ndani ya mwaka. Vile vipande vifupi vinavyotazamwa kwenye Shorts haviingii kwenye hizo saa. Ipo ngazi ya chini ya wafuatiliaji 500, ila yenyewe hailipi matangazo.

Ukishakubaliwa, kikwazo kinachofuata ni AdSense, akaunti ya Google inayopitishia malipo ya matangazo. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma PIN kwa barua ya posta, na vijana wengi wa Dar hawana sanduku. Tumia S.L.P. ya kazini au ya ndugu unayemwamini, lakini jina liwe lako, lilelile lililoko NIDA na benki. Jina la usanii benki hawalijui. Malipo hutoka salio likifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi.

Kuna na fomu ya kodi ya Marekani ambayo watu huiruka kwa kuona haiwahusu. Inawahusu. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo ukiijaza watakata asilimia 30 ya mapato yanayotoka kwa watazamaji walioko Marekani peke yao. Usipoijaza, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, hata ya shabiki wa Charambe.

Wakati unasubiri wafuatiliaji waongezeke, mpe wimbo msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa kama Spotify, anayesajili nyimbo kwenye Content ID, mtambo wa YouTube unaotambua wimbo wako kwenye video za watu. Watu wakiutumia kwenye video zao, mgao wako unakuja kupitia kwake, chaneli yako iwe na wafuatiliaji au isiwe nao. Kabla hujamchagua, angalia analipa kwa njia gani hapa Tanzania na kiwango cha chini cha kutoa hela ni kiasi gani. Wengine wanatoza ada ya mwaka, na usipolipa wanashusha nyimbo. Wengine, kama CD Baby, wanatoza mara moja kisha wanachukua asilimia 9 ya mapato ya usambazaji.

"Si nilikulipa?"

*Habari zenu. Nilimtengenezea jamaa biti, nikamrekodi, nikamfanyia miksi. Akanipa laki mbili, hatukuandika chochote. Sasa wimbo unapigwa kila daladala, nikimuuliza ananijibu "si nilikulipa?" Nina changu pale au ndiyo imetoka? — Prodyuza, Sinza*

Haijatoka. Wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani melodi, mashairi na muziki wenyewe, na kuna rekodi, ile masta. Laki mbili zililipia kazi ya studio. Kuhamisha haki ni jambo jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka lifanyike kwa maandishi yenye saini. Ubaya ni kwamba karatasi isiyokuwepo inakuumiza na wewe, maana huna pa kuonyesha asilimia yako.

Kusanya ushahidi leo, kabla kompyuta haijaharibika. Faili la mradi lenye tarehe, sauti za WhatsApp mlizotumiana mkipanga kiitikio, ujumbe wa muamala wa zile laki mbili. Peleka kazi COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, uisajili. Haki yako ilianza siku biti ilipotengenezwa. Usajili unakusaidia kuithibitisha mkifika mbele ya mtu wa tatu. Halafu mwite jamaa mezani wakati wimbo bado una moto, kwa sababu mwakani hatapokea simu.

Mnachotakiwa kusaini ni karatasi ya mgawanyo, ukurasa mmoja tu. Iwe na jina la wimbo, majina halisi na ya kisanii, namba za NIDA, asilimia za utunzi na asilimia za masta. Hizo mbili ziandikwe kando kando, kila moja ikijaa 100 yake. Andikeni nani analipia video na kama gharama hiyo inarudishwa kabla ya kugawana, nani anapakia wimbo kwa msambazaji, na jina lako litasomekaje. Acheni nafasi ya ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi, mtaijaza ikishatolewa. Mfano wa utunzi: aliyeandika mashairi na melodi 50, mwenye biti 40, aliyetunga kiitikio 10.

Kinachoharibu ni kila mmoja kujaza fomu kivyake. Msanii anajiandikia 50, prodyuza 50, aliyeimba kiitikio anaona 20 ni halali yake. Jumla 120. Chombo cha kugawa mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya wimbo, kikikutana na hesabu ya hivyo hakina cha kufanya ila kushikilia hela mpaka mpatane.

Na kuanzia wimbo ujao, kabla ya saini mtu apewe MP3 yenye mlio wa jina lako katikati. WAV, lile faili la ubora kamili, na faili za kila ala zitoke baada ya karatasi. Atanuna, lakini atasaini.

Biti ya bure imeniponza

*Naimba singeli. Nilishusha biti mtandaoni, imeandikwa bure kabisa. Nimepandisha wimbo, YouTube wanasema ni mali ya mtu nisiyemjua. Nimeibiwa? — Temeke*

Biti nyingi za "bure" ni bure kwa majaribio, ukianza biashara unatakiwa kununua leseni. Na biti hiyo hiyo wameshaichukua watu wengine wengi. Mmoja wao akisajili wimbo wake kwenye Content ID, mtambo unasikia ala zilezile kwako na kukuona wewe ndiye mwizi.

Tofautisha dai na onyo. Dai kwa kawaida linahamisha mapato, au linazuia video hiyo moja. Onyo la hakimiliki ndilo la kuogopa, kwani matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli. Kama una leseni, pinga dai ukieleza umeipata wapi na lini. Mdai ana siku 30 za kujibu, akikaa kimya dai linaondoka. Kama huna leseni, inunue kwanza ndipo upinge. Wewe nawe usisajili Content ID wimbo wenye biti isiyo yako peke yako, utawafanyia wenzio hayo hayo.

Lakini singeli ni muziki wa jiji hili. Kuna vijana Mburahati na Manzese wanaopiga biti za kasi ya mapigo 200 kwa dakika na kuendelea kwa kompyuta iliyochoka. Biti ya mgeni wa mtandaoni ya nini?

Nimewekewa milioni 30 mezani

*Shikamooni. Kampuni moja inataka kunisaini miaka 5, wananipa milioni 30 na asilimia 30 ya mapato. Mama anasema nisaini kabla hawajaghairi. Nyie mnasemaje? — Msanii wa kike, Kigamboni*

Marahaba dada. Msalimie mama, lakini usisaini wiki hii.

Hizo milioni 30 zitarudishwa, na zitarudishwa na muziki wako. Cha kuuliza ni zinakatwa wapi. Tuseme nyimbo zako zimeingiza milioni 50. Kama mkataba unasema gharama zinatolewa kwanza kwenye mapato ghafi, 50 toa 30 inabaki 20, na asilimia 30 yako ni milioni 6. Kama unasema gharama zinakatwa kwenye *mgao wa msanii*, hesabu inageuka. Mgao wako ni milioni 15, zote zinachukuliwa, na bado unadaiwa 15. Kampuni imepokea milioni 50 nzima, wewe una deni. Kwa njia hii ya pili, muziki wako lazima uingize milioni 100 ndipo uanze kupokea. Tofauti yote hiyo imejificha kwenye maneno mawili matatu ya kifungu kimoja, mara nyingi ukurasa ambao watu wameshachoka kusoma.

Kisha uliza gharama ni nini. Tumeona mikataba inayoingiza mafuta ya gari la meneja, nguo, hoteli na chakula cha wageni. Omba kiandikwe kikomo, kwa mfano kila matumizi yanayozidi milioni 2 yapate saini yako. Omba taarifa ya mapato kila baada ya miezi 6, na haki ya kumleta mhasibu wako akague vitabu. Wakikataa ukaguzi, umeshapata jibu lako.

Miaka 5 inaanza kuhesabiwa lini? Ipo mikataba inayohesabu tangu albamu ya mwisho ilipotoka, na kampuni ikiamua kutoitoa, miaka haisogei. Tafuta neno "hiari", yaani haki ya kuongeza muda wa mkataba. Miaka 5 yenye hiari mbili za mwaka mmoja mmoja, hiari zikiwa za kampuni peke yake, ni miaka 7. Uliza pia masta zinabaki kwa nani mkiachana, na kama zinarudi kwako, baada ya muda gani.

Asilimia 30 ni ya nini hasa? Kwa msanii wa Bongo, maonyesho na matangazo ya biashara mara nyingi ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba. Kampuni inaweza kuwa na haki ya kuchukua sehemu kubwa ya mauzo ya rekodi iliyogharamia. Kuchukua asilimia 70 ya harusi uliyoalikwa na jirani yako Kibada ni habari nyingine. Kila chanzo cha mapato kiwe na asilimia yake: rekodi, utunzi, maonyesho, matangazo, bidhaa.

Mwisho jina. Kampuni ikisajili jina lako la kisanii kama alama yake ya biashara, siku ukiondoka utaliacha mlangoni. Lisajili mwenyewe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kabla ya kusaini. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: kwa muziki angalia daraja la 9, la rekodi, na la 41, la burudani. Ukifikiria kuuza fulana ongeza la 25, la nguo. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, baada ya hapo unauhuisha kwa miaka 10. Zanzibar ina usajili wake, wa BRELA haufiki huko. Akaunti za mitandao nazo: barua pepe na namba ya simu ya kurejesha nywila viwe vyako.

Mkataba ukiwa wa Kiingereza, omba nakala ya Kiswahili na kifungu kinachosema ipi itafuatwa zikipingana. Tafuta wakili, umlipe wewe. Yule wanayekuambia "tunaye wakili, usijali" ni wakili wao.

Nimeangukia kwa Mbrazili

*Wimbo wangu umetokea kwenye ukurasa wa Spotify wa msanii wa Brazil mwenye jina kama langu. — Gongo la Mboto*

Ulipopakia hukuonyesha ukurasa wako ni upi, mtambo ukachagua kwa jina. Mwandikie msambazaji, mpe kiungo cha wimbo na cha ukurasa sahihi. Kama bado huna ukurasa, mwambie afungue mpya. Safari ijayo pakia wiki nne kabla. Utapata muda wa kurekebisha makosa na wa kuwapendekezea wimbo wahariri wa Spotify. Ukiupendekeza angalau siku 7 kabla haujatoka, unaingia kwenye orodha ya nyimbo mpya ya wafuasi wako. Picha ya jalada iwe pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo za mitandao. Na usimlazimishe fundi masta ipige kelele kupita kiasi. Spotify hushusha sauti hadi kiwango cha −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), utabaki na mikwaruzo bila ukubwa uliokuwa unautafuta.

Anauza "wasikilizaji" 50,000

*Kuna jamaa anasema nikimlipa wimbo utasikilizwa mara 50,000 kwa wiki. Ni salama? — Ubungo*

Hapana. Spotify hufuta usikilizaji wa mitambo, na tangu 2024 hutoza faini msambazaji kwa kila wimbo uliojaa usikilizaji wa uongo. Msambazaji anaweza kukukata wewe, akashusha wimbo, au akafunga akaunti pamoja na hela halali zilizokuwemo. Utaugundua kirahisi: maelfu ya wasikilizaji kutoka mji mmoja wa ng'ambo, hakuna aliyeuhifadhi wimbo, hakuna aliyekufuata. Hiyo hela walipie madereva wa bodaboda wa kituoni kwako wakucheze kwenye spika zao, angalau ni masikio ya watu.

Nataka msanii alipwe, bando linaniishia

*Mimi ni msikilizaji tu. Nashusha MP3 kwenye blogu kwa sababu ya bando. Nasikia nawanyonya wasanii. Nifanyeje? — Tabata Segerea*

Bando linaliwa na video kuliko muziki. Ukisikiliza sauti tupu kwa kilobiti 96 kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha Spotify, saa nzima inakula MB 43 hivi. Ukipandisha hadi 320 ni MB 144. Ukishuka hadi 24 ni MB 11, ila sauti inakuwa ya redio ya mkulima. Nenda kwenye mipangilio uchague mwenyewe, usiiachie programu iamue. Ukiwa na Spotify ya kulipia unaweza kushusha nyimbo kwa Wi-Fi ya kazini na kuzisikiliza njiani bila bando. Ingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinafutika.

Blogu ya MP3 haimlipi msanii chochote. Kwenye majukwaa halali hakuna bei maalumu ya kusikiliza mara moja. Mapato yanawekwa chungu kimoja na kugawanywa kwa uwiano wa usikilizaji. Spotify huhesabu baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi. Kwa hiyo msanii mkubwa hatauhisi mchango wako, ila mdogo wa Segerea anaweza kuvuka 1,000 kwa msaada wa watu wachache kama wewe. Tiketi moja ya onyesho lake bado inamfaa zaidi.

Baa na akaunti ya Spotify

*Nalipia Spotify kila mwezi, napiga muziki kwenye baa yangu. Kwa nini nidaiwe tena mirabaha? — Mwananyamala*

Ile ni leseni ya masikio yako. Masharti yake yanakataza kuitumia kwenye biashara. Kupiga muziki hadharani kunahitaji leseni ya hakimiliki, hata kama unatumia redio au flashi. Sheria ilirekebishwa mwaka 2022 ili vyombo vya kukusanya mirabaha vifanye kazi hiyo chini ya usimamizi wa COSOTA. Anayekuja kudai aonyeshe leseni na kitambulisho, na usimpe fedha taslimu mkononi. Risiti itunze pamoja na leseni ya biashara.

Nyimbo za babu

*Babu yetu, sasa marehemu, alitunga nyimbo na kupiga gitaa la solo katika bendi ya dansi miaka ya 70. Nyimbo zimejaa YouTube, zimewekwa na watu tusiowajua. Familia ina haki gani? — Ilala*

Mnayo, upande wa utunzi. Hakimiliki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na hurithiwa kama nyumba au shamba. Kama alifariki 2009, inakwenda hadi mwisho wa 2059. Rekodi ni suala jingine. Zama hizo bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo maktaba yake ilirithiwa na TBC, na nyingine zilivuka kwenda Nairobi kurekodi kwa kampuni za huko. Msikimbilie kujaza fomu ya YouTube mkidai kila kitu. Dai la rekodi isiyo yenu linaweza kuwageukia.

Fungueni maelezo chini ya kila video. Mara nyingi YouTube huandika nani ameipa leseni ya wimbo huo, na hapo ndipo mtakapojua kama kuna kampuni inayokusanya au ni mpenzi wa zilipendwa aliyepandisha santuri zake. Wa pili mnaweza kumwomba aandike jina la mtunzi, na huenda ana picha ya lebo ya santuri yenye jina la babu, ambayo ni ushahidi mnaouhitaji. Wa kwanza aandikiwe barua ya kudai mgao wa utunzi.

Tafuteni wanabendi walio hai mapema, waandike maelezo yenye saini kuhusu nani alitunga wimbo upi, maana sifa nyingi zilikwenda kwa bendi nzima. Kisha orodhesheni nyimbo COSOTA. Lakini hakuna atakayewasikiliza kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi. Barua hizo zote husainiwa na yeye, si na mjukuu mwenye simu nzuri. Kama mirathi ilishafungwa bila kutaja nyimbo, muulizeni karani wa mahakama ileile namna ya kuziingiza.